Marafiki wa Kalamu Wanapoonana Uso kwa Uso

Msomaji, kama una mjomba au shangazi aliyekuwa kijana katika miaka ya 1990, hebu muulize habari za safu ya marafiki wa kalamu. Atacheka kwanza, kisha atatazama pembeni. Magazeti ya vijana ya wakati ule yalikuwa na safu hiyo karibu kila toleo: picha ndogo ya pasipoti, jina, umri, sanduku la posta, na chini yake mambo anayopendelea. Mambo yenyewe yalifanana kutoka Mtwara hadi Bukoba kana kwamba wote walinakili kwa mtu mmoja: kubadilishana mawazo, kusikiliza muziki, kuandika na kujibu barua. Mjomba wangu mmoja hapa Musoma anazo mpaka leo bahasha za miaka minne alizoandikiwa na binti wa Songea. Hawakuonana hata siku moja. Nilipomuuliza sababu alinijibu neno moja tu: nauli.

Jambo ninalotaka kulizungumzia halina sura katika vitabu vyetu vya Historia vya sekondari. Mle tumesoma habari za wakubwa waliokutana kwanza halafu ndipo wakaandika: Berlin mwaka 1884 na 1885, mabwana wamezunguka meza, mwisho wakatoa karatasi ya kugawana Afrika. Mimi nataka historia iliyokwenda kinyumenyume, ya watu walioandikiana kwanza, pengine kwa miaka, pengine kwa majina ya bandia, na siku moja wakajikuta chumba kimoja, kila mtu ameshika soda yake anamtazama mwenzake na kujiuliza, hivi ndiye huyu? Nimeisaka historia hiyo kwa muda sasa, na kitu kimoja nimekiona karibu kila nilipopita. Kuandikiana kunazaa urafiki, lakini kazi yenyewe, yaani chama, kitabu, chombo cha kuwafaa watu, mara nyingi imeanza baada ya watu hao kuonana. Wale ambao hawakuonana wamebaki na bahasha.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo pale Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema ya serikali, lakini kurasa zake za mashairi zilikuwa za watu. Mtu wa pwani anatunga shairi, anauliza swali, anafumba fumbo. Mwalimu wa shule huko bara analisoma baada ya majuma kadhaa, anakuna kichwa, anajibu kwa vina na mizani. Wa tatu naye anaingilia kati kuwasuluhisha, au kuwachochea, maana washairi nao ni watu. Wengine walijificha nyuma ya lakabu, ukamjua mtu kwa ukali wa beti zake bila kujua kama ni mrefu au mfupi, mzee au kijana. Hivi kuna asiyeona kwamba hao walikuwa wakifanya kile kile tunachofanya sisi leo kwenye simu, ila wao walimsubiri posta?

Mwaka 1959 kikaanzishwa chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi ambacho wengi tunakijua kwa jina la UKUTA. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Sasa tazama alichokifanya Mnyampala. Yale majibizano ya gazetini, ambapo watu wawili wanashindana bila kuonana, yeye aliyapa miili. Ngonjera, aliyoieneza kuliko mtu mwingine yeyote, ni shairi linalotaka watu wasimame watazamane: mmoja hajui, mwingine anajua, wanabishana mpaka wanaafikiana. Mwaka 1968 Rais Nyerere, mzee wetu wa Butiama, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi na alikwisha kumtafsiri Shakespeare, aliwaita washairi akawaomba wasaidie kulieleza Azimio la Arusha kwa wananchi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Wazazi wetu walizikariri ngonjera shuleni, na ukimkuta mzazi katika siku yake nzuri atakusomea moja mpaka mwisho. Kwamba nyingi zilikuwa siasa tupu, hilo nakubali, na nyingine zinachosha kama hotuba ya mgeni rasmi. Hata hivyo, kwangu mimi lile wazo la kuutoa ubishi kwenye karatasi na kuuweka kati ya watu wawili waliosimama ni wazo kubwa kuliko siasa iliyolibeba.

Baada ya washairi wakaja watu wa salamu. Hawa hawakuwa wasomi. Walinunua kadi za salamu madukani, wakajaza majina ya watu wanaowasalimu, wakatia posta, kisha wakakaa na redio sikioni kungoja jina lao litajwe. Kwanza ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, baadaye huku kwetu Kanda ya Ziwa ikawa Radio Free Africa ya Mwanza, ambayo ilisikika mpaka kwenye kambi za wavuvi. Walijipa majina makubwa makubwa, mtu hana hata baiskeli lakini redioni ni mfalme wa mtaa mzima. Kusalimiana hewani kukazaa vikundi, na vikundi vikazaa safari. Watu waliojuana kwa sauti ya mtangazaji tu wakaanza kutembeleana, kuchangiana harusi na kuzikana. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini washairi wana vitabu na watuma salamu hawana hata ukurasa mmoja, na jibu ninalolipata ni kwamba tunawadharau. Siku nikipata nguvu nitawaandikia riwaya.

Haya, tuje kwenye intaneti. Mwaka 2004 Mtanzania aitwaye Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiishi Marekani, alianza kuandika blogu kwa Kiswahili akaiita Jikomboe. Wakati huo hata jina la kitu chenyewe halikuwapo, wakawa wanakiita gazeti tando. Mimi nilikuwa bado mchanga, haya nimeyasoma na kuyasikia kwa waliokuwapo. Waliofuata nyuma yake walikuwa wachache na waliotawanyika: mmoja Uingereza, mwingine Kanada, mwingine Iringa, mwingine kwenye kibanda cha intaneti analipa kwa saa huku akichungulia dakika zinavyokwenda. Waliachiana maoni, wakagombana, wakapatana. Mwaka 2006 waliunda hata jumuiya yao, JUMUWATA, yaani Jumuiya ya Wanablogu Tanzania.

Lakini blogu iliyokuja kusomwa na kila mtu, mpaka na wale ambao hawakuwa wakijua blogu ni kitu gani, ilizaliwa kwa watu wawili kuonana. Septemba 2005 kulikuwa na mkutano mjini Helsinki, Finland, kuhusu utandawazi na demokrasia, ulioandaliwa kwa pamoja na serikali ya Finland na ya Tanzania, wakati wa Rais Mkapa. Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikuwa huko kikazi. Ndesanjo naye alikuwapo. Wakakaa, Ndesanjo akamwonyesha mwenzake jinsi ya kufungua blogu, na pale pale Michuzi akaanza. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa Globu ya Jamii, yenye wasomaji walioitwa wadau na kazi iliyoitwa libeneke. Fikiri kidogo. Maelezo ya kufungua blogu yalikuwapo kwenye mtandao siku zote, bure, mtu yeyote angeweza kuyasoma akiwa peke yake. Ilihitajika mtu akae karibu na mtu, amwambie bonyeza hapa.

Waganda nao walifanya la kwao, na hili nalipenda kwa sababu halikuwa na mgeni rasmi wala bahasha za posho. Miaka ya 2006 na 2007 wanablogu wa Kampala walikuwa na desturi ya kukutana jioni kwenye baa. Wengi walikuwa wakiandika kwa majina ya kujipachika, na wenyewe kwa wenyewe waliitana blogren, yaani ndugu wa blogu. Hebu jiweke mahali pao. Unaingia baa, unatafuta meza ambayo huijui, unawaona watu wanacheka, na inabidi useme: samahani, mimi ndiye fulani, huku ukitaja jina ambalo mama yako hajapata kulisikia. Wengine walionana wakaendelea kuandika kwa lakabu zile zile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo nalo ni adabu ya aina yake.

Sasa tufike Arusha, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tarehe 4 hadi 7 Juni 2007 ulifanyika mkutano wa TEDGlobal, nje kidogo ya mji wa Arusha. Msimamizi wa programu alikuwa Mnigeria, Emeka Okafor, ambaye mwenyewe alikuwa mwanablogu, na kwa hiyo alialika watu ambao mabalozi wasingewaalika. Mwimbaji Bono alikuwapo, na mwandishi wa Uganda Andrew Mwenda aliishambulia misaada ya wazungu mpaka Bono akashindwa kuvumilia kitini. Watu huukumbuka zaidi mzozo huo. Mimi nawakumbuka waliokuwa na kompyuta mapajani. Alikuwapo Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, aliyeandika blogu ya Kenyan Pundit na mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshiriki kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kuwafuatilia wabunge. Alikuwapo Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya, wa blogu ya White African. Alikuwapo Juliana Rotich, Mkenya wa blogu ya Afromusing. Ndesanjo wetu naye alikuwapo. Watu hawa walikuwa wakisomana. Pale Arusha wakala meza moja.

Na alikuwapo kijana wa Kimalawi, miaka 19, aitwaye William Kamkwamba. Huyu sitampita haraka, maana kisa chake kinatuhusu sisi tulioishia sekondari. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilipoikumba Malawi, baba yake alishindwa kumlipia karo, kijana akatolewa shule. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini. Humo akakuta kitabu cha Kiingereza chenye picha za vinu vya upepo. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kuungaunga, akazisoma picha. Kwa baiskeli mbovu, mabomba na miti akajenga kinu, nyumbani kwao taa ikawaka. Mwaka 2006 gazeti la Malawi likaandika habari zake, mwanablogu mmoja akaisoma akaiweka kwenye blogu, Okafor akaiona huko na kuanza kumtafuta mpaka akampata. Kwa hiyo kijana alikuwa anajulikana kwenye mtandao kabla yeye mwenyewe hajauona mtandao. Hakuwa amepanda ndege, hakuwa amelala hotelini. Arusha ndipo alipoonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Akatafuta habari za vinu vya upepo, majibu yakamiminika kwa mamilioni, na yeye alikuwa amehangaika na kitabu kimoja.

Mnamo Desemba mwaka ule ule Kenya ilipiga kura, tarehe 27. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, nchi ikawaka. Sisi watu wa Mara hatuhitaji ramani kujua Kenya iko wapi, Sirari ni hapo tu. Serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja, na watu wakabaki kuulizana kwa simu nani kachomewa, nani kakimbia. Okolloh aliandika usiku na mchana kwenye blogu yake, na mwanzoni mwa Januari 2008 akatoa wazo: je, hakuna watu wa kompyuta wa kutengeneza ramani itakayoonyesha mahali kila jambo linapotokea, kwa taarifa za wananchi wenyewe? Hersman alikuwa Marekani. Rotich alikuwa Kenya, huko huko Eldoret kwenye moto. Kijana mwingine, David Kobia, aliishi Alabama na alikuwa amelifunga jukwaa lake la Mashada kwa sababu Wakenya walikuwa wakitukanana humo kwa makabila. Kwa siku chache tu chombo kikawa tayari. Wakakipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Katika machafuko yale zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na ramani haikumfufua hata mmoja, lakini yaliyotokea yaliandikwa mahali. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, tetemeko lilipoiangusha Haiti, chombo hicho hicho kilitumika kuwatafuta waliofukiwa.

Swali langu ni hili. Je, Okolloh angeandika ombi lile na watu ambao hawajapata kumwona wakaacha usingizi kwa ajili yake? Labda. Kobia hakuwa Arusha, na alikuja. Kwa hiyo sisemi kwamba bila kuonana hakuna kitu. Nasema kwamba mtu unayemjua uso, unayejua anachekaje na anachukia nini, humwandikii barua ndefu ya kujieleza. Unamwambia njoo. Mwezi Januari 2008 hapakuwa na muda wa barua ndefu.

Mikutano mingine ilifuata, kama ule wa Global Voices wa Julai 2012 pale Nairobi uliowakusanya wanablogu na wafasiri wa kila bara. Naipita. Ninachotaka kukitaja ni jinsi mambo yalivyogeuka huku kwetu. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, ikawa mwenye blogu lazima awe na leseni, na ukijumlisha ada zote ilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili. Nani wa Musoma, aliyemaliza kidato cha nne, ana milioni mbili za kulipia mashairi? Kanuni hizo zimebadilishwa tena mwaka 2020 na 2022, ila blogu nyingi ndogo zilikuwa zimeshajifia. Waandishi wakahamia kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp, mahali ambapo hadithi inasomwa leo na kesho imezama chini ya picha za harusi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima mpaka Novemba ilipoanza.

Mimi na wenzangu tulikuwa na kundi letu kwenye Facebook. Tulikuwa kumi na mmoja, baadhi Musoma, baadhi Bunda, wawili Butiama. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiwekeana hadithi na kuchambuana bila huruma. Nusu yetu walitumia majina ya bandia, na namba za simu hatukuwa nazo za wote. Siku zile za giza ndipo nilipoona hali yetu ilivyo. Nilikuwa na marafiki kumi niliojua wanavyoanza sentensi zao na wanavyoweka nukta, lakini sikujua nyumba ya hata mmoja wao nikapige hodi kuuliza kama yu mzima. Kutoka Musoma hadi Bunda ni safari ya asubuhi, hata chai haijapoa sawasawa. Tulikuwa tumeishi kama mjomba wangu na binti wa Songea, na sisi hata hatukuwa na kisingizio cha nauli.

Mtandao uliporudi tukakubaliana tuonane Desemba. Tulichagua Butiama, si kwa uzalendo wala kwa sababu ya kaburi la Baba wa Taifa, bali kwa sababu mama wa mwenzetu mmoja ana ua mpana na sufuria kubwa. Mchango ulikuwa shilingi elfu tano kila mtu. Watu wa Musoma tulileta sato, Bunda walileta mchele na soda, mwenyeji akatoa ugali wa udaga na kivuli cha mwembe. Ndiyo pati yenyewe, msomaji, usitegemee muziki.

Saa ya kwanza ilikuwa taabu tupu. Watu wanaoandika kurasa kumi kwa usiku mmoja hawakuwa na la kusema zaidi ya "shikamoo mama" na "jua kali leo". Yule mcheshi wetu, ambaye mtandaoni hutuvunja mbavu, alikaa pembeni akipanga vizibo vya soda. Yule tuliyekuwa tukimwita profesa kumbe yuko kidato cha tatu, akaondoka mapema kwa sababu baba yake hakujua alikokwenda. Mmoja hakuja kabisa, na ndiye hodari kuliko sisi wote. Alituandikia kwamba siku tutakapomwona sura hatutaisoma tena kalamu yake, tutakuwa tunamsoma yeye. Wengine walimwona mwenye maringo. Mimi naona ana hoja, na wale ndugu wa blogu wa Kampala nadhani wangemwelewa.

Kisha kikaja kisa ambacho ndicho kimenifanya niandike makala hii. Kuna mwenzetu wa Bunda ambaye mwezi Agosti alikuwa ameweka hadithi ya msichana anayetoroka nyumbani usiku wa Desemba ili asikeketwe. Kwa mgeni wa mkoa wetu nieleze kwamba sheria imekataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, na bado Desemba, shule zikifungwa, wapo wasichana wa Mara wanaokimbia makwao. Katika hadithi ile msichana anavuka mto uliofurika gizani, peke yake. Mwenzetu mmoja wa Musoma, mchambuzi mkali, aliandika kwamba hadithi ni nzuri ila hapo kwenye mto mwandishi ametia chumvi, msichana wa miaka kumi na miwili hawezi kuvuka mto namna ile, sehemu hiyo ikatwe. Tulijadili siku mbili. Mwenye hadithi hakujibu kitu.

Pale chini ya mwembe wawili hao waliangukia sinia moja. Hakuna aliyepanga. Walikula kimya, mpaka yule dada, bila hasira wala kuinua sauti, akasema, "Kaka, ule mto ulikuwa unafika hapa." Akaweka mkono kifuani, chini kidogo ya bega. Kisha akaendelea kuchambua samaki wake.

Sijui ukimya ule ulichukua muda gani. Mchambuzi wetu alikuwa ameshika tonge, halikwenda mdomoni wala halikurudi siniani. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa anatusikiliza muda wote huku akijifanya anapepeta mchele, ndiye aliyesema, "Kula, mwanangu. Kula ushibe." Hatukujua alimwambia nani kati yao, wote wawili wakala.

Baadaye kaka yule alimwuliza maswali, na yalikuwa ya mwandishi, si ya polisi: maji yalikuwa na sauti gani, alivua viatu au hakuwa navyo, upande wa pili alimkuta nani. Dada akajibu mengine, mengine akayaacha. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchambuzi wa hadithi ile ulipoanza, miezi minne baada ya kuchapwa mtandaoni, kwa sababu kwa mara ya kwanza msomaji alikuwa anauliza akiwa tayari kusikia jibu. Ubishi wao, ambao kwenye skrini ungeishia kwa mtu kujitoa kwenye kundi, uliishia kwa wao wawili kukubaliana kwamba sehemu ya mto haikatwi, inarefushwa.

Jioni, tukisubiri Hiace za kuturudisha, tuliamua kutoa kijarida cha karatasi, kurasa kumi na sita, za kudurufu. Kila mtu akaandika namba yake ya simu na jina la mtaa wake kwenye daftari moja, ambalo anakaa nalo mwenyeji wetu wa Butiama. Hadithi ya mto itatangulia. Tulimwuliza dada kama tuweke jina lake halisi, au lile la mtandaoni, au tuache wazi. Alifikiri mpaka kondakta akaanza kupiga bodi la gari. Akasema jina liwe lile lile la mtandaoni, ila chini yake tuandike: Bunda.